Mwongozo kamili: jinsi ya kumhakiki mtaalamu wa miguu Uingereza kabla hajakugusa unyayo

Maswali ninayoletewa na Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza kuhusu miguu yanafanana mno. Mtu ana kisukari, ana sugu iliyochongoka au kucha iliyozama nyamani. Ameona kibao mtaani, ameingia, amekatwa, na wiki tatu baadaye kidonda hakijafunga. Nikimuuliza kama alimhakiki aliyemkata, jibu ni lile lile: "Alikuwa na vyeti ukutani."

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Vyeti ukutani si usajili. Koti jeupe si usajili. Hata maoni mazuri ya wateja kwenye intaneti si usajili. Kumhakiki mtaalamu wa miguu ni kazi ya dakika kumi, ila ina hatua zake, na ukiruka moja unaweza kuamini umehakiki kumbe hujahakiki kitu.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni hili: kwa wataalamu wa miguu, sheria ya Uingereza inalinda jina la kazi, hailindi kazi yenyewe. Mtu yeyote anaweza kukukata kucha na kukuparura sugu kwa malipo bila kuvunja sheria ya usajili, mradi asijiite jina lililolindwa. Kwa hiyo jukumu la kujua nani ameshika wembe limebaki mikononi mwako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti.
- Jina kamili la mtaalamu kama lilivyoandikwa kwenye usajili wake, si jina la duka wala jina la utani.
- Namba yake ya usajili. Ya wataalamu wa miguu huanza na herufi CH, kisha tarakimu.
- Orodha ya dawa zako zote, hasa insulini, dawa za kuyeyusha damu na dawa unazotumiwa kutoka nyumbani.
- Matokeo ya uchunguzi wako wa mwisho wa miguu, kama una kisukari.
- Karatasi na kalamu. Andika tarehe, jina na ulichoambiwa. Mambo yakiharibika, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

## Hatua ya 1: Hakikisha mguu wako hauhitaji hospitali leo

Nimeitanguliza hatua hii kwa sababu wapo wanaotafuta mtaalamu mzuri wa binafsi kwa siku tano huku mguu unaoza.

Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu. Mguu uliokufa ganzi hauleti habari ya maumivu, hivyo msumari, kokoto au kiatu kinachobana hufanya kazi yake kimya kimya. Wakati huohuo mishipa ya damu huwa imebana, na damu ya kuponya kidonda haifiki vya kutosha. Ndiyo maana kusema "hakiumi" si habari njema.

Kama una kisukari na una kidonda kwenye mguu, usaha, harufu mbaya, au sehemu iliyobadilika rangi, piga simu siku hiyohiyo kwa daktari wako wa familia au kwa kliniki ya miguu. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza unataka mgonjwa wa aina hii apelekwe kwa timu ya miguu ndani ya siku moja ya kazi. Mguu mmoja ukiwa wa moto na umevimba kuliko mwenzake, hata kama hauumi, nao ni wa haraka: mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani bila wewe kuhisi.

Ukiwa na homa pamoja na kidonda, au kidole kimekuwa cheusi, au mguu umekuwa wa baridi na umepauka ghafla, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Nenda hospitali, idara ya dharura. Kama huwezi kufika, piga 999.

Tahadhari kwa ngozi zetu: vipeperushi vingi vinasema angalia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha joto la miguu miwili, angalia uvimbe, na angalia kama sehemu imekuwa nyeusi zaidi au inang'aa kuliko ilivyo kawaida.

Utajua umefaulu: umeiangalia miguu yote miwili, nyayo na katikati ya vidole (kioo kidogo husaidia), na hakuna hata dalili moja kati ya hizo. Sasa endelea.

## Hatua ya 2: Jua kama una haki ya huduma ya bure

Wengi hulipa pesa kwa kitu ambacho NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ingewapa bila malipo. Mtu mzima mwenye kisukari anapaswa kuchunguzwa miguu angalau mara moja kwa mwaka. Uchunguzi huo una sura yake: unavua viatu na soksi, wanaangalia ngozi, wanapapasa mapigo ya damu mguuni, na wanakugusa unyayo kwa uzi wa plastiki wa gramu 10 huku umefumba macho, uwaambie wapi unahisi. Kama umeulizwa "miguu iko sawa?" ukiwa umekaa na viatu vyako, hujachunguzwa. Omba urudiwe.

Mwishoni unapewa kiwango cha hatari: chini, wastani, juu, au tatizo lililopo tayari. Uliza kiwango chako na ukiandike. Wenye kiwango cha wastani au cha juu hupelekwa kwa huduma ya kulinda miguu ya NHS, na huko wataalamu wamesajiliwa. Wenye kiwango cha chini mara nyingi hawapewi huduma ya kukatwa kucha za kawaida, na hapo ndipo watu huingia mtaani kutafuta mtu wa binafsi.

Suala la lugha: NHS hutoa mkalimani bila malipo. Unapoweka miadi, sema mapema unataka mkalimani wa "Swahili", kwa sababu ukisema "Kiswahili" baadhi ya wapokezi hawalipati neno hilo kwenye orodha yao. Usimfanye mtoto wako mkalimani. Mtoto hataki kumwambia baba yake maneno "kukata mguu", na nimekaa kwenye chumba ambamo maneno hayo yaligeuzwa kuwa "watakusafisha".

## Hatua ya 3: Soma jina la kazi kwa herufi, si kwa maana

Majina mawili tu ya watibabu wa miguu yanalindwa na sheria: "podiatrist" na "chiropodist". Siku hizi ni taaluma moja. La kwanza ndilo jipya, la pili ndilo wazee wa hapa walilolizoea. Anayetumia mojawapo lazima awe kwenye rejista ya Baraza la Taaluma za Afya na Huduma, linaloitwa kwa kifupi HCPC. Baraza hili husimamia taaluma 15, wakiwemo wataalamu wa tiba ya viungo na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Mtu asiyesajiliwa akitumia jina hilo kudanganya watu anatenda kosa la jinai, na anaweza kutozwa faini mahakamani.

Sasa linganisha na jina hili ambalo utalikuta kwenye vibao vingi: "foot health practitioner". Masikioni mwetu linasikika kubwa kuliko yale mawili, kwa sababu limetaja afya. Kisheria halijalindwa. Anayelitumia anaweza kuwa amesoma vizuri na ana mikono mizuri, au anaweza kuwa amemaliza kozi fupi. Wapo walio kwenye orodha za hiari zenye masharti yake, na hilo ni jambo jema, lakini anayefukuzwa kwenye orodha ya hiari kesho yake anaweza kufungua duka lilelile.

Maneno kama "foot specialist", "foot expert" na mengine ya aina hiyo nayo hayakuambii chochote kuhusu usajili.

Je, usiende kabisa kwa asiyesajiliwa? Sisemi hivyo. Kama wewe ni mzima, huna kisukari, huna tatizo la damu, na unataka kucha zikatwe kwa sababu mgongo haukuruhusu kuinama, mtu makini wa namna hiyo anaweza kukutosha. Lakini kama una kisukari chenye ganzi, umewahi kupata kidonda mguuni, unatumia dawa za kuyeyusha damu, au una tatizo la mzunguko wa damu, usimpe mtu asiyesajiliwa wembe. Hapa sipunguzi neno. Wasugua miguu wa saluni nao wamo humo humo: kazi yao ni urembo, na magaga ya mtu mwenye ganzi si jambo la urembo.

Kwa wale mnaosoma kozi fupi ili mfanye kazi hii wenyewe: msichapishe "podiatrist" kwenye kadi wala kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni. Ni kosa lilelile.

Utajua umefaulu: umeandika kwenye karatasi jina la kazi anayodai, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye kibao, kadi au tovuti yake.

## Hatua ya 4: Pata jina lake kamili na namba

Piga simu kabla ya kuweka miadi. Maneno ni machache: "Naomba jina kamili la atakayenihudumia na namba yake ya HCPC." Mtaalamu aliyesajiliwa huulizwa swali hili na hajisikii vibaya. Wengi wameiweka namba hiyo kwenye tovuti yao tayari.

Makosa ninayoyaona hapa ni mawili. La kwanza ni kuhakiki mwenye kliniki badala ya atakayekushika. Kliniki inaweza kuwa ya mtu aliyesajiliwa, naye ameajiri msaidizi asiyesajiliwa. La pili ni aibu. Tumelelewa kumheshimu mganga, na kumuuliza mkubwa "cheti chako kiko wapi?" kwetu ni utovu wa adabu. Kwa hapa ni swali la kawaida kabisa. Ukiambiwa "sisi hatuhitaji hiyo", umejibiwa vya kutosha, kata simu.

## Hatua ya 5: Tafuta jina kwenye rejista yenyewe

Fungua tovuti rasmi ya baraza, hcpc-uk.org, kwa kuiandika wewe mwenyewe. Usibofye kiungo ambacho kliniki imekutumia, na usitosheke na nembo ya HCPC iliyobandikwa kwenye ukurasa wao. Picha ya nembo mtu yeyote anaweza kuinakili.

1. Tafuta sehemu ya kuangalia rejista.
2. Chagua taaluma. Kwenye orodha, yale majina mawili yamewekwa pamoja.
3. Andika namba ya usajili, au jina la ukoo. Namba ni bora, kwa sababu majina yanagongana.
4. Linganisha vitu vitatu: jina kamili, namba, na mahali anapofanyia kazi.
5. Soma hali ya usajili na tarehe ya mwisho. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo aliyekuwepo mwaka juzi si lazima awepo leo.

Usiishie kuona jina. Soma kama kuna maneno yanayoonyesha amesimamishwa, amepewa onyo, au amewekewa masharti. Kusimamishwa kunaweza kufika mwaka mmoja, na wakati huo haruhusiwi kufanya kazi ya jina hilo. Masharti yanaweza kumzuia baadhi ya kazi, au kumtaka awe na msimamizi, kwa hiyo yasome yote.

Jina lisipoonekana, usikimbilie kumwita mtu tapeli. Jaribu tena: huenda amesajiliwa kwa jina la kabla ya ndoa, au umekosea herufi moja. Mpigie umuulize. Akikupa namba na bado haionekani, ahirisha miadi.

Utajua umefaulu: jina, namba na hali ya usajili vinakubaliana. Piga picha ya skrini na uihifadhi pamoja na tarehe.

## Hatua ya 6: Soma mipaka ya kazi yake

Hatua hii karibu kila mtu huiruka. Kusajiliwa hakumaanishi kuruhusiwa kila kitu. Baraza humtaka kila mtaalamu afanye yale tu aliyo na ujuzi na uzoefu wa kuyafanya kwa usalama na kwa mujibu wa sheria. Wawili wenye usajili uleule wanaweza kuwa na mipaka tofauti: mmoja ameishi na vidonda vya kisukari miaka yote, mwingine amejikita kwenye miguu ya wanamichezo.

Baadhi ya mambo huonyeshwa wazi kwenye rejista kama alama za nyongeza mbele ya jina:

Sindano ya ganzi. Kuondoa kucha iliyozama nyamani hufanywa kwa sindano ya ganzi, kwa kawaida ya aina ya lidokaini, kisha shina la kucha huunguzwa kwa kemikali ili isiote tena upande ule. Kama unakwenda kwa kazi hii, hakikisha alama ipo. Mtu asiyesajiliwa akikwambia ana sindano yake ya ganzi, inuka uondoke.

Kutoa baadhi ya dawa. Wenye alama hii wanaweza kukupa dawa fulani zinazohitaji cheti cha daktari, kwa mfano amoksilini, kutoka kwenye orodha maalumu tu.

Kuandika dawa. Tangu 2013 wataalamu wa miguu waliopata mafunzo ya ziada wanaweza kuandika dawa kwa uamuzi wao wenyewe. Si wote. Usimlaumu asiyeandika, anafuata mipaka yake.

Upasuaji wa miguu. Wapo wanaofanya upasuaji wa mifupa na viungo vya mguu baada ya mafunzo marefu ya ziada, nao wana alama yao. Fahamu kwamba hao si madaktari wa binadamu waliosajiliwa na baraza la madaktari, bali ni wataalamu wa miguu waliobobea. Ukipelekwa kwa upasuaji, una haki ya kuuliza ni nani kati ya hao wawili atakayekupasua, na kwa nini.

Kisha uliza swali moja ambalo rejista haiwezi kukujibu: "Wagonjwa wenye hali kama yangu unawaona mara ngapi?" Mtaalamu mkweli atakwambia pia asichokifanya. Nikisikia "hili si langu, nitakuandikia barua uende hospitali", huwa nampa imani zaidi.

## Hatua ya 7: Mwangalie kabla hajakata

Siku ya miadi, dakika chache za mwanzo zitakuonyesha mengi.

Lazima akuulize kuhusu kisukari, dawa, mzio na magonjwa mengine kabla ya kugusa chombo. Aangalie miguu yote miwili hata kama umekuja kwa kidole kimoja. Akueleze anachotaka kufanya, madhara yake na njia mbadala, kisha apate ridhaa yako. Kukaa kwenye kiti si ridhaa, na unaweza kuiondoa ridhaa hata katikati ya kazi. Neno "stop" linatosha.

Vyombo vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, vikiwa vimechemshwa kwa mashine ya mvuke au ni vya kutumika mara moja. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako, na ukishatumika utupwe kwenye kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha. Anayekuja kukuhudumia nyumbani anafungwa na masharti hayohayo. Sebule yako haipunguzi hatari ya damu.

Tahadhari: usikubali, na usijifanyie mwenyewe, plasta za sugu zenye asidi kama una kisukari. Asidi haichagui sugu na nyama nzima, na mguu wenye ganzi hautakuambia imefika wapi.

Utajua umefaulu: unatoka umeelezwa cha kufanya nyumbani, dalili za kuogopa, na namba ya kupiga kidonda kikianza. Ameandika kumbukumbu ya aliyoyafanya, na unaweza kuomba nakala.

## Hatua ya 8: Mambo yakienda kombo

Kwanza mguu, malalamiko baadaye. Kidonda kionwe siku hiyo, na kipigwe picha kila siku kando ya rula.

Kwa aliyesajiliwa, lalamikia HCPC. Hulipi chochote, na si lazima uwe na wakili. Wanaweza kumpa onyo, masharti, kumsimamisha au kumfuta. Hawawezi kukurudishia pesa wala kukupa fidia. Fidia hupitia bima yake, ambayo sheria inamlazimu kuwa nayo tangu 2014, kwa hiyo omba jina la kampuni ya bima kwa maandishi.

Kwa aliyejiita jina lililolindwa bila usajili, iarifu HCPC vilevile, kwenye sehemu ya matumizi mabaya ya majina. Tuma picha ya kibao, kadi, au ukurasa wake kabla hajaufuta.

Kwa asiyesajiliwa na ambaye hakutumia jina hilo, baraza halina mamlaka juu yake. Hapo unabaki na haki zako za mteja: piga simu Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure kwa wananchi, ambao hupeleka taarifa kwa maofisa wa biashara wa wilaya. Njia hii ni nyembamba zaidi, na ndiyo sababu nimekusukuma usome kibao herufi kwa herufi.

Kwa huduma ya NHS, lalamika kwa taasisi yenyewe ndani ya miezi 12 tangu tukio au tangu ulipolijua.

## Ukienda nyumbani likizo

Tanzania na Kenya, miguu ya wenye kisukari hutunzwa zaidi na madaktari na wauguzi wa kliniki za kisukari, kwa hiyo usitafute kibao cha taaluma ya miguu peke yake. Uliza kliniki ya kisukari ya hospitali, kisha mhakiki mtu kwa baraza lake: Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa Tanzania Bara, mabaraza ya Zanzibar kwa Zanzibar, na kwa Kenya, mabaraza ya madaktari, ya wauguzi au ya matabibu. Beba barua yenye kiwango chako cha hatari na orodha ya dawa. Na kwenye mchanga wa pwani wa saa saba mchana vaa viatu, hata kama watoto wote wako peku, kwa sababu mguu wenye ganzi huungua bila kukuambia.